Mama, Panya na Nusu Kaputi

Mama yangu hakuwahi kukubali kwamba mtu mzima anaweza kulipwa mshahara kwa kufuga panya. Kwetu, upande wa Butiama, mtoto wa kiume huulizwa ng'ombe wake wako wapi. Mimi niliondoka nyumbani kwenda kusomea mambo ya mifugo na maabara, watu wakatarajia nirudi na sindano ya kuchanja ng'ombe wa kijiji. Nikaishia kwenye banda la panya weupe. Majirani wakimwuliza mama mwanao siku hizi anafanya nini, alikuwa akijibu, "Yuko ofisini," halafu anaulizia bei ya mhogo.

Tukibaki wawili ndipo alipoyatoa ya moyoni.

"Wenzako panya wanampigaga fimbo," aliniambia siku moja. "Wewe unamfunika nguo asisikie baridi."

Hilo la nguo lilikuwa kweli, tena nilimsimulia mwenyewe kwa kujisifu, nikajuta. Tangu siku hiyo kila nikifika kwake Kigera alinipokea kwa kuuliza wajukuu zake wa mkia wanaendeleaje. Nilikuwa nakasirika. Mimi ni mtu wa kukasirika upesi, hilo nimelirithi kwake, na yeye alijua kabisa mahali pa kunichokoza.

Banda letu lilikuwa sehemu ya maabara ndogo ya utafiti, nje kidogo ya Butiama. Tulikuwa tukijaribu majani ya mti mmoja mchungu ambayo watu wa kwetu huchemsha na kuwanywesha wagonjwa wa kisukari, tuone kama yanasaidia kweli au yanawakunjisha watu sura bure. Ili kulijua hilo ilibidi kwanza panya wenyewe waugue. Walichomwa dawa inayoharibu ile sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini, na haukupita muda ugonjwa ukaonekana kwenye vizimba hata kabla ya kupima. Chupa ya maji niliyoijaza asubuhi niliikuta tupu mchana. Maranda niliyowatandikia yalilowa chapachapa, nikayatoa, nikatandika mengine, nayo yakalowa. Walikunywa, walikojoa, walikula kwa pupa, na bado walikonda. Nilibadilisha maranda huku nikilalamika kwa Kizanaki, kwa sababu mkuu wetu wa maabara hakukielewa.

Mara kwa mara tuliwalaza kwa dawa ya usingizi ili kuwatoa damu au kuwachunguza figo. Panya mzima ukimchoma dawa hulala, kazi inafanyika, na baadaye anainuka akiyumbayumba, anajilamba, anaendelea na maisha yake. Panya wa sukari, ukimpa dawa kwa kiasi kile kile kulingana na uzito wake, anazama. Mwili unapoa, pumzi zinakuwa chache, na wakati wenzake wameshaanza kuzurura yeye bado yuko chali. Mara ya kwanza nilipoona hali hiyo nilidhani amekufa, nikaenda kuita watu. Walikuja, wakamtazama, wakaniambia nimpashe moto na nitulie.

Mkuu wetu, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini, alitueleza sababu mara nyingi mpaka tukawa tunamaliza sentensi zake. Mwili wa mnyama huyu umekauka kwa kukojoa. Figo na ini, ambavyo ndivyo vinavyotakiwa kuiondoa dawa ya usingizi mwilini, navyo vimechoka. Kwa hiyo dawa mpunguzie, maji mwongezee, umweke juu ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, na sukari umpime kabla ya kulala, akiwa amelala, na akiamka. Alitwambia pia kwamba dawa moja tuliyokuwa tukiitumia yenyewe hupandisha sukari, kwa hiyo tusishtuke tukiikuta juu kidogo. Aliyotaka tuiogope ni sukari ya kushuka.

"Mnyama aliye macho sukari ikishuka atatetemeka, atajikunyata, utamwona," alikuwa akisema. "Aliyelala haonyeshi kitu. Analala tu, na wewe unadhani ni dawa."

Tulimwelewa vizuri siku tulipompoteza panya mmoja wa kundi jingine, lililokuwa likipewa insulini badala ya majani ili tulinganishe. Jioni mtu wa zamu alimwondolea chakula, kwa sababu asubuhi palikuwa na kipimo kilichotaka tumbo tupu. Asubuhi mwenzake alimchoma insulini, kwa sababu ndiyo ratiba. Wa tatu akamlaza. Kila mtu alikuwa ameifanya kazi yake sawasawa, hapakuwa na mzembe hata mmoja, na panya hakuamka. Alilala kwa utulivu kabisa juu ya chupa yake ya moto, pumzi zikapungua, zikaisha. Baada ya hapo tukawekeana utaratibu kwamba hakuna anayeshika sindano kabla hajatazama bakuli la chakula. Na kwenye ubao wa ukutani tukaacha kuandika "ameamka." Panya anaweza kuamka, akajigeuza, kisha akalala moja kwa moja. Tulisubiri mpaka asogee kwenye chakula mwenyewe, ndipo tunaandika "amekula," na ndipo mtu anarudi nyumbani na amani.

Ugonjwa wa mama niliugundua kwa maji. Nilikwenda kumsalimia, nikamwona anaumaliza mtungi kikombe juu ya kikombe na anatoka nje kila baada ya muda, na nguo zinampwaya. Sikusema kitu, maana nani angemwambia mama yake kwamba anafanana na panya. Nilimpeleka kupima. Alipokabidhiwa kipimo cha kujitobolea kidole nyumbani alikigeuzageuza mkononi, akaniuliza kama sicho kile ninachopimia wale wa kwangu. Nikamwambia ndicho.

"Kwa hiyo mimi na panya wako tuko darasa moja," alisema, na akafurahi sana na maneno yake.

Alizoea vidonge. Alivimeza kwa nidhamu ya mtu aliyelelewa na wamisionari, asubuhi na jioni, bila kukosa. Kisha yakaja maumivu ya tumbo upande wa kulia, yakienda na kurudi, mpaka siku moja yakamlaza chini jikoni. Hospitali mjini Musoma walimpiga picha wakakuta mawe kwenye kifuko cha nyongo. Daktari alisema lazima wapasue, na kwa upasuaji huo hawezi kuchomwa sindano ya mgongo peke yake, atapewa nusu kaputi.

Mama aliuliza kama kovu litakuwa kubwa. Mimi nilikaa kwenye benchi la hospitali nikimwona yule panya kwenye chupa yake ya moto. Kisu sikukiogopa, madaktari wetu wanapasua watu kila siku. Niliogopa usingizi. Niliogopa kwamba atalala kwa utulivu, watu wote wakiwa wamefanya kazi zao vizuri, na hataamka.

Mtaalamu wa usingizi alitupokea siku ya maandalizi. Alikuwa mpole, wa makamo, hana haraka. Alimpima mama moyo, akamtazama koo na meno, akamweleza taratibu: siku ya kuamkia upasuaji ale chakula cha jioni kama kawaida, usiku asile tena, na asubuhi asimeze vidonge vya sukari, watampima wenyewe na kumwekea dripu. Alimtaka ayarudie maneno hayo, na mama akayarudia yote bila kukosea. Nilitoka pale nimepumua. Nilirudi kwangu Kabasa, kule Bunda, nikamwambia mke wangu kwamba mtu huyu anajua kazi yake.

Siku ya upasuaji niliondoka Bunda alfajiri. Nilipofika Kigera nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda uani, kavaa kitenge chake cha kanisani, mkoba uko miguuni. Akina mama wa kikundi chake cha maombi walikuwa wamemzunguka wakimalizia wimbo. Mwenyekiti wao alikuwa jirani yake, mwanamke mnene anayeuza samaki aina ya sato mjini, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja ng'ambo ya barabara. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Baba, mama yako ni jasiri," alisema. "Tumefunga nae tangu juzi. Mfungo mkavu. Sisi wengine tulikuwaga tunapiga funda la maji, yeye hata maji kakataa."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Amefunga nani?"

"Yeye. Sisi wote, kwa ajili ya hii operesheni."

Nilimgeukia mama. Upepo wa ziwani ulikuwa bado wa baridi, mimi mwenyewe nilikuwa na sweta, lakini shingo yake ilikuwa inang'aa kwa jasho. Niligusa. Lilikuwa jasho la baridi.

"Mama, na vidonge?"

"Nimemeza," alisema, polepole kidogo kuliko kawaida yake. "Jana nimemeza, juzi nimemeza, na leo asubuhi nimemeza kwa mate. Dawa sio chakula. Haivunjagi mfungo."

"Ulikatazwa kumeza asubuhi! Uliyarudia maneno ya yule bwana mbele yangu!"

"Alisema. Lakini nilitaka wakinipima waikute nzuri. Sitaki wanirudishe nyumbani eti sukari iko juu, na hawa wamefunga bure."

Nilichukua kipimo kwenye mkoba wake, nikamtoboa kidole. Namba iliyotokea, ingetokea kwa panya ningeshakimbia kuita mtu. Kwa siku zote hizo alikuwa hana kitu tumboni, na vidonge vilikuwa vinaendelea kuishusha sukari ambayo haipo. Amefunga vizuri, amemeza dawa vizuri, na sasa yuko tayari kwenda kulazwa usingizi. Niliingia ndani, nikakoroga sukari ndani ya kikombe cha maji, nikarudi nacho mbio nikimwaga njiani.

Mama alifumba mdomo.

"Kunywa, mama."

Alitikisa kichwa. "Nimefunga."

Hapo ndipo nilipopaza sauti. Niliwafokea wote pale uani, watu wazima wanaoniita mwanao, na maneno mengine siyarudii kwa sababu baadhi yao wanajua kusoma. Niliuliza ni nani aliyewatuma kumfungisha mgonjwa wa sukari. Mwenyekiti naye si mtu wa kufokewa. Alijishika kiuno.

"Kwa hiyo maombi yetu ndio sumu?"

"Sijasema maombi! Nimesema chakula!"

"Hii kitu yeye mwenyewe aliomba. Tulimwambia mgonjwa halazimishwi, akasema yeye hawezi kuombewa na watu wenye njaa halafu yeye ameshiba."

Nilimwamini papo hapo, maana hayo ni maneno ya mama yangu kabisa. Tungeendelea kugombana, lakini mama aliinua uso akamtazama mwenyekiti, mwanamke anayechota naye maji bomba moja kila siku, akamwuliza kwa adabu:

"Samahani, wewe ni nani?"

Mwenyekiti alishusha mikono kutoka kiunoni. Alinitazama, akatazama kikombe, na uso wake ukabadilika. Nilikuwa najiandaa kumshika mama kidevu kwa nguvu, kama ninavyowashika wale wa kwangu, na nilikuwa naogopa kwamba atapaliwa. Mwenyekiti alininyang'anya kikombe. Akapiga funda kubwa mbele ya wote, akajipangusa mdomo kwa kiganja.

"Haya," alimwambia mama. "Mimi mwenyekiti nimevunja. Mfungo umeisha. Sasa kunywa, dada."

Akampelekea kikombe mdomoni. Mama alimtazama, akakitazama kikombe, akanywa. Alikinywa chote. Mwenyekiti alimshikia kichwa kwa mkono mmoja na kwa mwingine akampangusa jasho kwa upande wa kitenge chake mwenyewe, na akina mama wengine mmoja mmoja wakakaa chini kwenye vumbi wakiwa na nguo zao za kanisani. Nilikoroga kikombe kingine. Baada ya muda mama alimwita mwenyekiti kwa jina lake, akauliza kwa nini kila mtu amekaa chini na mikeka ipo. Nilitaka kulia na nilitaka kumgombeza, nikaishia kukaa chini na mimi.

Tulikwenda hospitali kwa bajaji, mimi, mama na mwenyekiti, ambaye hakuna aliyemwalika. Nilimweleza mtaalamu wa usingizi yote. Alikuwa ameshashika kipimo kabla sijamaliza. Alimwekea dripu, akampima tena baadaye, akasema leo hawezi kumlaza, wataahirisha.

"Ningempima tu hata kama usingesema," aliniambia, "lakini umefanya vizuri kumpa sukari huko huko. Ulijuaje?"

Nikamwambia nafanya kazi na panya wa kisukari. Mama alijifunika uso kwa kitenge. Mtaalamu hakucheka. Aliniuliza tunawalaza kwa dawa gani na wanachukua muda gani kuamka, tukaongea kama mafundi wawili wa kazi moja. Nilimwambia sisi panya hatuwafungishi muda mrefu kabla ya kuwalaza.

"Panya hatapiki," alisema. "Binadamu anatapika, akiwa amelala anaweza kupaliwa na chakula chake mwenyewe. Ndiyo maana lazima alale na tumbo tupu. Lakini ni usiku mmoja, na dripu ipo. Siyo siku mbili na vidonge juu yake."

Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni muda wote na mkoba wa mama kifuani. Akakohoa.

"Dokta, naomba kuuliza. Sisi tukifunga, na yeye akala, kuna shida?"

Mtaalamu alifikiri kidogo. "Kwangu mimi hakuna shida. La kwa Mungu mtajuana naye wenyewe."

Njiani kurudi Kigera mama alikuwa na aibu. Alisema labda Mungu ameikataa operesheni yenyewe, labda mawe yabaki tu yalipo. Mwenyekiti alijibu kutoka upande wa pili wa bajaji, akipigana na kelele za injini.

"Mungu hajakataa kitu. Sisi tulikosea kugawana kazi. Wewe kazi yako ni kula. Kufunga ni kwetu."

Nilimtazama yule mwanamke niliyemfokea asubuhi, nikamwomba radhi. Alisema ataichukua radhi hiyo siku nikimnunulia mchele.

Operesheni ilipangwa upya. Safari hii niliomba ruhusa kazini, nikafika Kigera siku moja kabla. Jioni, jua likiwa bado lipo, akina mama walikuja. Walikuwa wamefunga tangu asubuhi na midomo ilikuwa imewakauka. Mwenyekiti alikuwa amebeba sufuria. Ndani mlikuwa na sato mzima wa kuchemsha, na ugali wa mhogo wa kutoka Suguti ulikuwa umefungwa pembeni. Alimtengea mama katikati ya mkeka, akamnawisha mikono, kisha wote wakakaa wakimzunguka, wana njaa, wakimtazama.

Mama alikata tonge moja akalishikilia.

"Sasa mnaniangalia hivi, mi nitamezaje?"

"Meza," alisema mwenyekiti.

"Hata mmoja wenu hataonja?"

"Dada, usitujaribu. Kula."

Akala. Harufu ya yule sato ilijaa uani, na nilimwona mama mmoja akigeukia ukutani. Kila mara mama alipotaka kusukuma sahani, mwenyekiti alichambua kipande kingine cha samaki akakiweka juu ya ugali wake. Mama alipomaliza walisali. Mimi si mtu wa maombi marefu, lakini siku ile niliinamisha kichwa mpaka mwisho, na muda wote nilikuwa nikiitazama ile sahani tupu, kama tunavyotazama bakuli la panya. Vidonge vya asubuhi nilivitia mfukoni mwangu ili asivione.

Asubuhi walimpima, wakasema vizuri, wakamwekea dripu, wakamwingiza. Kabla machela haijapita mlangoni alinivuta mkono.

"We baba. Usije ukamwambia yule dokta anipe dawa ya panya."

Mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye benchi. Akina mama walitandika kanga zao nje kwenye nyasi. Sikumbuki niliwaza nini, nakumbuka tu kwamba kila mlango ulipofunguliwa nilisimama, na kila mara ilikuwa mtu mwingine. Daktari wa upasuaji alitoka mwishowe akaniambia mawe yametoka na hakuna tatizo. Nilimshukuru, lakini hakuwa yeye niliyekuwa namsubiri.

Waliniruhusu kuingia alipokuwa bado amelala. Alikuwa mdogo kwenye kile kitanda. Muuguzi alisema ameshafumbua macho mara moja akayafumba tena, na kwamba watu wa sukari wakati mwingine huchukua muda kidogo. Nililijua hilo. Nililijua kuliko nilivyotaka kulijua. Wagonjwa wa vitanda vingine, waliopasuliwa baada yake, walikuwa wameshaanza kuita ndugu zao. Niliuliza sukari. Muuguzi akasema wamepima muda si mrefu na iko sawa. Nikauliza tena. Akaipima mbele yangu ili nimwache afanye kazi, na ilikuwa sawa.

Miguu ya mama ilikuwa imetoka nje ya blanketi. Nilimfunika. Ilikuwa ya baridi. Kisha mkono wangu, bila kuniomba ruhusa, ukafanya kitu ambacho umekifanya mara nyingi sana kazini. Nilimbana kidole cha mguu, kidogo tu, tunavyobana kidole cha panya kuona kama usingizi umeanza kupungua.

Akauvuta mguu.

"Acha," alisema, macho yakiwa bado yamefumbwa. Sauti ilikuwa nzito, kavu. "Mi sio panya wako."

Nilicheka, muuguzi akageuka. Mama alifumbua macho, akanitafuta, akanipata. Lakini sikuandika kitu ubaoni. Nilisubiri, nimeushika mguu wake kwa juu ya blanketi. Alitazama dari, akatazama dripu, akalamba midomo.

"Kuna nini cha kula?" aliuliza.

Muuguzi akamwambia bado, avumilie mpaka daktari aseme. Mama alinuna, na kununa kwake kulikuwa kwa kawaida kabisa, kulikuwa ni kule kule kwa miaka yote.

Nilitoka nje kwenye nyasi. Akina mama walisimama wote kwa pamoja waliponiona, mwenyekiti akiwa mbele. Nilijaribu kusema ameamka, nikashindwa.

"Ameomba chakula," nikasema.

Mwenyekiti hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alipiga kigelegele kimoja kifupi, mlinzi akatukaripia, kisha mwenyekiti akaketi chini akafungua kikapu. Walikuwa wamekuja na viazi vitamu vya kuchemsha na chai ya maziwa kwenye chupa, tayari kwa ajili ya saa hiyo. Wakaanza kula, wengine wakilia huku wanatafuna. Mwenyekiti alinipa kiazi. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka kiasi kwamba kilitaka kuanguka, akautazama.

"Wewe umekula saa ngapi?"

Nikafikiri. Jana yake jioni nilikuwa namtazama mama akila. Asubuhi nilikuwa naangalia vidonge. Tangu mchana wa jana sikuwa nimetia kitu mdomoni, hata maji.

"Sijafunga," nikamwambia. "Nimesahau tu kula."

"Ndio kufunga huko huko," alisema mwenyekiti, akanimiminia chai, akaweka sukari vijiko vingi. "Kula, baba. Umeshamaliza."

Nikala.